Moshi wa Mbegu

Mwanvua alikuwa mtu wa kujaribu. Ukimwambia pilipili hii ni kali, atakuuliza kali kuliko ipi, na kabla hujajibu ameshaitafuna. Iliposikika kijijini Kidete kwamba muhogo hustahimili jua ukipandwa kwa kulazwa badala ya kusimamishwa, wengine walikubali na wengine walibisha, wote wakiwa wamekaa vibarazani. Mwanvua peke yake ndiye aliyepanda mstari wa kulaza, mstari wa kusimamisha, na mstari mwingine kichwa chini miguu juu, ili muhogo wenyewe useme. Mstari ule wa mwisho ulimpa jina ambalo Sikudhani, mke wa kaka yake, hakuliacha lizeeke. "Bibi Kichwachini," alimwita mbele za watu, na watu walicheka, na Mwanvua naye alicheka, kwa sababu wifi ni wifi.

Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu auze atakacho. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, na kufuli lake limeota kutu. Mbegu na dawa ya kuhifadhia mahindi uliuziwa na yeyote mwenye meza pale stesheni, na kama dawa yenyewe ilikuwa dawa au chokaa ya ukutani, hilo ulilijua baada ya miezi kadhaa, mwenye meza akiwa ameshahamia kwenye biashara ya mitumba. Mvua nayo ilifanya kana kwamba imepewa ruksa, ije itakapo na iondoke bila kuaga. Mkaa ulipanda treni magunia kwa magunia, na milima ya ng'ambo ya mto Mkondoa ilizidi kubaki upara.

Ndipo akaja Bwana Cleopa, kijana wa makamo kutoka ofisi ya mradi kule Mikumi, na gari lililochorwa mti mlangoni. Alileta habari ya jiko. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na pumba, lilikuwa na matundu mawili ya sufuria, na nyuma yake bomba lililotoboa ukuta na kuutoa moshi nje. Aliwaambia kina mama kwamba wakipunguza kuni milima itapona, na milima ikipona hali ya hewa nayo itatulia, mvua ikae sawa.

"Itakaa sawa lini?" aliuliza Mwanvua.

Cleopa alikuna kidevu. Angeweza kudanganya, maana wengi kabla yake walidanganya pale pale. "Hilo sijui, mama. Mvua si ya jiko moja wala ya kijiji kimoja. Lakini kuni naweza kukuonyesha leo leo."

Jibu hilo lilimpendeza Mwanvua kuliko hotuba nzima. Siku ya pili jikoni kwake kulikuwa na jiko.

Hakuliamini, bila shaka. Alipasua gogo moja ili kuni zilingane, akagawa mafungu mawili, akapima maharage ya gunia moja kwa bakuli moja. Fungu la kwanza alilitia kwenye mafiga, yale mawe matatu aliyopikia tangu aolewe, na fungu la pili kwenye jiko jipya. Mafiga yalimaliza fungu zima na maharage yakabaki magumu kama kokoto. Jiko liliivisha, likabakiza kuni za chai. Akarudia kwa ugali, kwa sababu maharage hayasongwi na ugali ndio unaolitikisa jiko. Halikupasuka. Basi aliyatoa mafiga yake nje kwa mikono yake mwenyewe, akasiriba ukuta wa jiko kwa udongo mweupe, na kwa mara ya kwanza maishani akapika akiwa ameyafumbua macho.

Wanawake walikuja kutazama. Waligusa ukuta mweupe, wakatazama juu, wakasema "hebu!" na kabla mwezi haujaisha majiko ya namna hiyo yalikuwa yameenea nyumba kadhaa za kijiji. Wa mwisho kusema ndiyo alikuwa Sikudhani, au tuseme hakusema kabisa.

"Mimi moshi wangu haujaniudhi," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Unafukuza mbu na wageni wasiokwenda kwao. Wewe endelea kichwa chini."

Lakini alipita mle ndani, akainama, akatazama tundu la kuni kwa muda mrefu kidogo kuliko anavyotazama mtu asiyetaka kitu. Siku chache baadaye Mwanvua aliona kifusi cha udongo wa kichuguu kando ya mlango wa jikoni kwa wifi yake. "Wa kusiriba ukuta," alisema Sikudhani kabla hajaulizwa.

Sasa lazima niseme habari ya mbegu ya mama. Mama yao Mwanvua aliacha vitu vichache alipofariki, na kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni mahindi mafupi yenye punje nyekundunyekundu, yanayokomaa haraka kabla mvua haijabadili mawazo. Ule mwaka wa njaa, wakati mahindi marefu ya dukani yalipokauka yakiwa na ndevu tu, haya yalizaa. Hayakujaza ghala, lakini nyumba ile haikulala njaa. Mama aliagiza kwamba kila mavuno mbegu igawanywe nyumba mbili, kwa binti na kwa mkwe. Fungu la Mwanvua lilikuwa kubwa kwa sababu ndiye mwenye shamba la juu. La Sikudhani lilikuwa masuke machache, maana yeye hulima mpunga bondeni na mumewe hukata miwa Kidodi. Mbegu hizo zilifungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa darini jikoni, kwenye miti iliyo juu ya moto, kama walivyofanya bibi na bibi wa bibi. Kwa nini jikoni? Hakuna aliyewahi kuuliza, hata Mwanvua aliyeuliza kila kitu. Mbegu hukaa darini kama kofia inavyokaa kichwani.

Jua la kiangazi lilipokuwa kali, Mwanvua alipanda kwenye kigoda kulishusha fungu la kwanza alikague. Unga ulimmwagikia usoni.

Alifuta macho, akalishika suke. Lilikuwa jepesi. Alipolibana punje zilipukutika, kila moja na tundu lake, na ndani yake kidudu cheusi, kifupi, mgongo umeinama kama mtu aliyebeba mzigo. Dumuzi. Akashusha fungu la pili, la tatu, na la mwisho. Yote yalikuwa yamebunguliwa. Akaketi sakafuni katikati ya unga ule, jikoni kweupe, akalia. Tangu jiko lile lijengwe, hayo ndiyo yalikuwa machozi ya kwanza humo ndani.

Alipomaliza kulia alianza kuuliza, maana ndivyo alivyoumbwa.

Watu walikuwa na jibu tayari. Kabla ya jioni lilikuwa limezunguka kijiji kizima: dumuzi wameletwa na Wasukuma, wale wafugaji waliohamia pembeni mwa kijiji, kwenye magunia yao, pamoja na ng'ombe. Ni jibu zuri kwa sababu halimgharimu anayelitoa chochote. Mwanvua alilichukua kama alivyochukua habari ya muhogo, akaenda kulijaribu. Alimkuta Celestina, mke wa Mzee Bundala, Msukuma, akisuka kamba nje ya nyumba yao pembeni mwa kijiji. Celestina alikuwa amemzidi umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Nimesikia tunayosemwa." Celestina aliweka kamba chini. Hakukasirika, au alikuwa amekwisha kuchoka kukasirika. "Ingia jikoni uone mwenyewe. Usiniamini mimi."

Ndani mle moshi ulikuwa mzito mpaka Mwanvua aliingia ameinama. Mafiga yalikuwa katikati, na juu yake masuke ya mbegu yamening'inia, meusi, yanang'aa kwa masizi kama yamepakwa mafuta. Alilifungua moja. Punje zilikuwa nzima zote. Alilifungua jingine, akaona vivyo hivyo. Kama Wasukuma ndio walioleta dumuzi, basi hawakuwalisha nyumbani kwao wenyewe.

"Nisamehe, mama," alisema Mwanvua, na aibu ilimpata kweli.

"Nikusamehe nini? Wewe umekuja kutazama. Wenzako hawakuja."

Kutoka hapo alipita jiko kwa jiko. Aliyejenga mwanzo, mbegu yake ilikuwa imeharibika sana. Aliyejenga baadaye alikuwa na mbegu iliyoharibika kidogo. Kwenye jiko lililokuwa bado bichi masuke yalikuwa salama. Akaenda kwa Sikudhani, moyo ukimwenda mbio, akapanda kigoda bila hata kupiga hodi. Masuke machache ya mbegu ya mama yalikuwa pale, meusi kama kaniki. Alifungua moja, akakuta punje zote nzima, akaliweka kifuani.

"Wifi, umeingiwa na nini?"

"Ni moshi," alisema Mwanvua. "Moshi ulikuwa unafanya kazi, na mimi nimeufukuza."

Alimweleza. Sikudhani alisikiliza, na safari hii hakumwita Bibi Kichwachini. Alitazama dari lake, akatazama mlango, pale kwenye kifusi cha udongo, kisha akasema, "Walete."

"Nani?"

"Hao wenye majiko ya kizungu. Walete na mbegu zao zilizosalia. Dari langu ni refu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kabla jua halijazama, wanawake walipanga mstari mlangoni kwa Sikudhani na masuke yao, na dari lake likainama kwa uzito. Mwanvua alifarijika. Lakini kichwani mwake palibaki jambo moja linalomwasha. Alilipenda jiko lake. Kuni alizozitafuta kutwa nzima sasa zilimtosha karibu wiki, na kikohozi cha binti yake Zaituni kilikuwa kimepoa. Je, ni lazima uchague, macho yako au mbegu yako? Na moshi wenyewe haukuwa umetoweka. Ulikuwa unatoka kwenye bomba nyuma ya nyumba, unakwenda zake bure.

Hapo ndipo alipopata wazo. Kwa Celestina aliomba masuke mazima ya mahindi ya kawaida, maana mbegu ya mama haikuwa ya kuchezea tena. Mengine aliyaning'iniza kwenye dari lake jeupe, mengine kwa Sikudhani, na yaliyobaki aliyatundika nje, ukutani, mdomoni mwa bomba, akayaezekea kijipaa cha nyasi. Kisha akangoja. Kungoja ndiko kulikomshinda. Kila asubuhi alikuwa ukutani anachungulia, mpaka jirani akadhani ameficha kitu.

Bwana Cleopa alirudi vuli ikiwa imekaribia, na hakuja peke yake. Alileta wageni wa mradi, waungwana wawili waliotoka Dar es Salaam na mama mmoja Mzungu. Hao ndio wa kuamua kama majiko yaenezwe vijiji vyote mpaka Berega au yaishie hapo. Cleopa alifunga mizani chini ya mti mkavu, akapima kuni, akachemsha maji kwenye mafiga na kwenye jiko. Jiko likashinda kwa mbali. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Na sasa," alisema Cleopa, "mama aliyekuwa wa kwanza atatueleza. Mama Zaituni, jiko linafanya kazi au halifanyi?"

Mwanvua alisimama. Alikuwa amefunga kitu kwenye khanga. Alimwona Cleopa akitabasamu, akajua jinsi alivyomtegemea, na kwa nukta moja alitamani kusema ndiyo na kuketi. Ingekuwa rahisi. Angepigiwa makofi. Na kule Berega mama mmoja asiyemjua angesafisha jiko lake likawa jeupe, halafu siku moja angepanda kwenye kigoda.

Alifungua khanga, akatoa masuke matatu.

"Kuni zimepungua. Nimepima mwenyewe kabla yenu, na ni kweli. Mwanangu hakohoi. Ni kweli pia. Na hili," akalibana suke la kwanza, na unga ukamwagika mbele ya viatu vya mgeni, "limetoka kwenye dari langu, juu ya jiko hilo hilo. Moshi ndio uliokuwa unatulindia mbegu, na sisi hatukujua mpaka ulipoondoka. Hili jeusi limetoka kwa wifi yangu, kwenye mafiga. Zima. La tatu lilikuwa nje, mdomoni mwa bomba. Upande ulioelekea moshi ni mzima. Upande wa pili dumuzi wameshaanza kula."

Mmoja wa wale waungwana alisafisha koo. "Mama, sisi tunahitaji neno moja tu. Linafaa au halifai?"

"Neno moja sina, baba. Nina masuke matatu."

Cleopa hakuwa anatabasamu tena. Lakini alimfuata Mwanvua, akalichukua lile suke la tatu, akalizungusha, upande mzima, upande ulioliwa, upande mzima. Nilimwita kijana wa makamo, lakini wakati ule alikuwa na uso wa mtoto aliyeonyeshwa kiota. "Kama bomba lingezungukwa na dari," alisema polepole, "moshi ukapita katikati kabla ya kutoka..."

"Ndivyo nilivyofikiri. Lakini jiko hili moshi wake ni mchache. Sijui kama utatosha."

"Hata mimi sijui," alisema Cleopa. "Kupima mbegu hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuuliza."

Wageni waliondoka bila kuahidi kitu. Walisema suala litaangaliwa upya, na kila aliyeishi enzi zile anajua maana ya kuangaliwa upya. Baadhi ya wanawake walimnunia Mwanvua, wakasema ametutilia kitumbua mchanga, ametufukuzia mradi. Mmoja alimpita njiani bila salamu. Iliuma, na hakuna haja ya kusema haikuuma.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya kweli iliyolowanisha mpaka chini. Wanawake walikuja kwa Sikudhani kuchukua mbegu zao, kila mmoja akiondoka na mzigo mweusi na mikono ya masizi, na yule aliyenuna naye alikuja. Dari likabaki tupu. Mwanvua na Sikudhani walichukua mbegu ya mama, wakaenda shamba la juu pamoja, kwa kuwa iliyosalia ilikuwa fungu la Sikudhani na Mwanvua hakutaka kuipanda bila mwenyewe. Mwanvua alichimba mashimo mbele, Sikudhani akafuata akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu.

Walipofika mwisho wa mstari Mwanvua aligeuka, akaona punje nyekundu juu ya udongo, nje ya shimo. Mbele kidogo akaona nyingine. Sikudhani, mpanda mpunga asiyekosea mstari, alikuwa anadondosha mbegu kando ya mashimo.

"Wifi, huoni?"

"Naona. Jua tu."

Jua halikuwepo, kulikuwa na mawingu. Mwanvua alimsogelea, akamtazama usoni kwa karibu, jambo ambalo hakulifanya muda wote huo ambao alitazama masuke kila asubuhi. Macho ya Sikudhani yalikuwa mekundu, kope zimevimba, machozi yanachuruzika yenyewe bila yeye kuyajali. Mwanvua alikumbuka moto wa jiko lile ulivyokuwa ukiwaka mchana kutwa hata pasipopikwa chochote, ili mbegu za watu zipate moshi. Alikuwa amepima kuni, maharage, ugali, na suke pande zote mbili.

"Ule udongo wa mlangoni," alisema, "ulikuwa wa nini?"

"Si nilikwambia. Wa ukuta."

"Ukuta gani, Sikudhani?"

Sikudhani alijifuta kwa upindo wa khanga. Alijaribu kucheka, akakohoa badala yake. "Nilitaka jiko, basi. Tangu siku ile ya kwanza nililitaka. Nilikuwa naona haya kukuomba baada ya kukucheka. Halafu ukaja na habari zako za moshi." Akainama, akapapasa udongo mpaka akaipata ile punje, akaiingiza shimoni mwake. "Ningejenga, mbegu ya mama ingekaa wapi?"

Mwanvua aliweka jembe chini. Alimshika mkono, akamketisha kwenye tuta, akachukua mbegu zilizobaki akazipanda yeye, akirudi nyuma kuokota kila iliyodondoka nje. Mvua ilianza tena walipokuwa wakishuka. Walipofika, kifusi cha kichuguu kando ya mlango kilikuwa kinalainika na kuanza kutiririka uani.

"Lete ndoo," alisema Mwanvua.

"Sasa hivi? Kwenye mvua?"

"Dari lako ni tupu, wifi. Mpaka mavuno hakuna kitu humo kinachohitaji moshi. Na kabla ya mavuno mimi na Cleopa tutakuwa tumejua kama bomba linatosha, na lisipotosha tutajaribu kingine."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa, mbegu zitakuja kwangu. Mafiga yangu bado yapo nje."

Sikudhani alisimama kidogo mlangoni, maji yakimtiririka usoni, ya mvua na ya macho. Kisha akaingia, akayasogeza mafiga yake kando kwa mguu, moja baada ya jingine, akatoka na ndoo.

"Haya, Bibi Kichwachini," alisema. "Nionyeshe jiko linavyoanza."